Nikishakuwa na kifaa cha kusomea, vitabu vya karatasi na maktaba vya nini tena?

Kurasa Mia:
Habari za jioni wakuu. Miezi minne sasa nimehamia kusoma kwenye kifaa, kile cha skrini ya kijivu isiyong'aa, sio tableti, na kusema kweli nimenogewa. Chaji inakaa wiki mbili na zaidi, nasafiri na vitabu mia mfukoni, usiku nasomea kitandani kwa mkono mmoja huku mwenzangu kalala. Sasa shida ni kwamba stoo nina makasha sita ya vitabu vya karatasi na huyo mwenzangu kashasema mara tatu ile nafasi anaihitaji. Nawaza niyatoe yote, nigawe au nipeleke maktaba, alafu hata kadi yenyewe ya maktaba nisiihuishe maana sijakanyaga kule tangu ninunue hiki kidude. Kuna mtu kafanya hivi akajuta? Na ile hoja ya harufu ya karatasi naomba mniachie jamani, nimeisikia mpaka basi. Nataka kujua, kwa mtu anayepakua kila kitu, maktaba ya umma inamsaidia nini?

Bint Wino:
Mie nilifanya, nikajuta nusu. Riwaya sijutii hata moja, macho yangu sio mazuri na kwenye kifaa nakuza herufi mpaka ukurasa mzima unabaki na maneno arobaini, raha tupu. Na ile skrini haichoshi kama ya simu, ndani kuna vipunje vyeupe na vyeusi ambavyo umeme unavipandisha au kuvishusha, ukurasa ukishatokea vinatulia hapohapo wala havili chaji mpaka ugeuze mwingine.

Kilichoniuma ni kitabu changu cha ushonaji. Niligawa kile cha karatasi nikanunua softikopi, kufungua, mchoro wa kola umekatwa katikati, nusu iko ukurasa huu nusu ule, vipimo vimekuwa vidogo kama mayai ya chawa na ile mistari ya rangi yote imegeuka kijivu, hujui pa kukata ni wapi na pa kushona ni wapi. Kwaiyo fungua kasha kwa kasha, chenye michoro na majedwali usikiguse.

Kalamu Butu:
Gawa mkuu usijiulize. Maktaba saivi watu wanaenda kuchaji simu na kusinzia. Jengo zima, taa, wafanyakazi, kwa ajili ya vumbi.

Mtunza Rafu:
Nimekaa nyuma ya kaunta ya maktaba miaka mingi, sasa nimestaafu, kwaiyo mniwie radhi nikirefusha.

Kurasa Mia, vile vitabu mia vilivyomo mfukoni, vingi ulichonunua ni ruhusa ya kuvisoma, kitabu chenyewe kina mwenyewe. Mwaka 2009 Amazon walifuta kutoka kwenye Kindle za watu (vifaa vyao vya kusomea) nakala za vitabu viwili vya George Orwell, kimojawapo ni 1984 (ndiyo, hicho hicho kinachohusu serikali inayofuta maandishi, mimi sijatunga), kwa sababu aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Hela wakarudisha, lakini kuna mwanafunzi aliyekuwa ameandika maelezo yake ya masomo humo ndani, akabaki na maelezo yasiyo na kitabu. Mwaka 2019 Microsoft walifunga duka lao la vitabu na vitabu vikaondoka nalo, hela tena zikarudi. Mwenye duka la karatasi akifunga duka haji kugonga mlango wako kudai alivyokuuzia.

Kwa maktaba ni hivyohivyo, tena kwetu inauma zaidi. Mwaka 2011 wachapishaji HarperCollins waliweka sharti kwamba maktaba ikinunua kitabu chao cha kielektroniki, kikishaazimwa mara 26 leseni imekwisha, unanunua upya. Kila mtu akikaa nacho wiki mbili, huo ni mwaka mmoja tu. Sasa linganisha na cha karatasi. Kikilegea mgongo nilikuwa nakipaka gundi nyeupe kwa brashi nyembamba, nabandika kitambaa, naweka karatasi ya nta ili kurasa zisishikane, juu yake nalaza makamusi mawili mpaka asubuhi. Kinarudi rafuni. Kuna kimoja cha hadithi za watoto nilikigundisha mara nne, na nilipostaafu nilikiacha kinazunguka.

Kalamu Butu, ni kweli wanakuja kuchaji simu. Wanakuja pia kujaza fomu za kazi kwa sababu kwao hakuna kompyuta, na wengine wanakuja kukaa tu kwa sababu pale hakuna mhudumu wa kukusogelea kila dakika kumi akuulize utaagiza nini. Sikuwahi kuona ubaya wake.

Kalamu Butu:
Sawa mzee, nimekusikia, lakini maktaba zenyewe si zinaazimisha softikopi siku hizi? Basi zibaki mtandaoni, jengo la nini.

Mtunza Rafu:
Zinaazimisha, na nenda kaone foleni. Faili lile lingeweza kunakiliwa mara milioni kwa sekunde, ila leseni nyingi zinasema nakala moja msomaji mmoja, kwaiyo unasubiri mwenzako amalize kama vile ni karatasi. Alafu asiye na kifaa wala bando unamweka wapi?

Jicho la Ndani:
Naona mnabishana karatasi na skrini, wengine huku hatuhusiki na vyote viwili. Mimi sioni kabisa, nasoma kwa masikio. Softikopi ndo iliyonifungulia dunia, hilo sikatai, ila sio kila softikopi. Ile PDF ambayo mtu kapiga picha kurasa tu, programu ya kunisomea inafika pale inasema "picha", naenda mbele "picha", kurasa mia tatu za "picha". Waliokuwa wakinitengenezea faili linalosomeka ni watu wa maktaba, wanaligeuza maandishi kisha wanakaa kulisahihisha mstari kwa mstari. Na kuna Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ulianza kufanya kazi 2016, unaoziruhusu taasisi kama hizo kwenye nchi zilizojiunga kututengenezea nakala bila kumwomba mwenye hakimiliki, na kutumiana kutoka nchi hadi nchi. Duka la mtandaoni halijawahi kunifanyia hivyo. Kwaiyo kadi yako Kurasa Mia ihuishe tu hata kama huendi, maktaba inahesabu wanachama inapoomba bajeti.

Bint Wino:
Hilo la kuhesabu wanachama sikuwa nalijua, asante ndugu yangu.

Kurasa Mia:
Shikamoo mzee Mtunza Rafu, na asanteni wote. Kadi nitaihuisha. Sasa yale makasha nikiyaleta maktaba si mtayapokea kwa mikono miwili?

Mtunza Rafu:
Marahaba. Hapana, nisikudanganye, na wengi huwa wanakasirika nikisema hivi. Maktaba hupunguza vitabu kila mwaka, rafu hazitanuki. Vitabu vya kiada vya mitaala iliyokufa, miongozo ya programu za kompyuta ambazo hazipo tena, seti ya ensaiklopidia yenye pengo la juzuu mbili, hivyo tunaletewa kwa magari na mwisho wake ni kuvitupa sisi kwa niaba yako. Na chenye ukungu usikisogeze kabisa, kimoja kinaambukiza rafu nzima. Andika orodha, ipeleke kwanza, waambie wachague.

Kurasa Mia:
Wakuu nimerudi. Nimefungua makasha mawili usiku huu. La kwanza ukungu mtupu, nimelifunga na kulitoa nje. La pili lina vitu vya maana, atlasi moja kubwa ambayo nilisahau kama ninayo, nimekaa nayo sakafuni saa nzima badala ya kuandika orodha. Alafu chini kabisa nimekuta kitabu chenye muhuri wa maktaba. Tarehe ya kurudisha imegongwa Machi 2014. Mzee, hiyo faini inahesabiwaje?

Mtunza Rafu:
Faini tutaongea. Mgongo wake ukoje?