Kuiseb kwa baiskeli: nitapanda au nitasukuma?

Pedali_Moja: Habari wakuu. Mwezi wa saba natoka Walvis Bay kwenda Solitaire kwa baiskeli, barabara ya C14 inayokatiza hifadhi ya Namib-Naukluft, huku Namibia. Ni kama kilomita 230, karibu zote changarawe. Tambarare hainitishi. Kinachoninyima usingizi ni bonde la mto Kuiseb: unateremka hadi darajani, kisha unapanda ng'ambo ya pili na mizigo yote. Tairi zangu ni milimita 40. Nitapanda au nitasukuma? Na wanyama je?

Vumbi_Tupu: Mkuu, nimepita hapo mara mbili. Safari ya kwanza nilisukuma, ya pili nikapanda mpaka juu, na miguu ni hii hii. Kilichobadilika ni upepo wa tairi. Mwanzoni nilijaza hadi tairi likawa gumu kama jiwe. Kila nikikanyaga kwa nguvu, gurudumu la nyuma linazunguka palepale na kutupa kokoto. Punguza upepo, tairi litazikumbatia. Fremu ikiruhusu, weka la 50.

Mlimani usisimame juu ya pedali, maana uzito unahamia mbele na gurudumu la nyuma linakosa mshiko. Kaa kitini, gia nyepesi kabisa. Kwenye kona, upande wa ndani ndio mkali zaidi, uepuke pale unapoona mbali. Ukisikia gari, rudi kushoto mapema na ufumbe macho, vumbi lake si la mchezo.

Maji nilibeba lita nane na sikujuta. Usiutegemee mto, ni mchanga mtupu. Maji hupita siku chache tu kwa mwaka, miaka mingine hayapiti kabisa. Lakini mafuriko hayo machache ndiyo yanayozuia matuta ya mchanga yasivuke kwenda kaskazini. Ndiyo maana upande unaotokea wewe utaendesha juu ya changarawe.

Wanyama: juu kidogo ya daraja nilisikia mawe yakiporomoka. Pundamilia wa milimani watatu, karibu kiasi cha kuona ile ngozi inayoning'inia chini ya koo. Nikashuka, nikanyamaza. Mmoja akapiga kwato, wakapanda jabali ambalo mimi nisingelipanda hata kwa mikono. Tafadhali ndugu yangu, usiwasogelee kwa ajili ya picha. Ukiwakimbiza, wanapoteza jasho ambalo hawana pa kulifidia.

Mama_Spoki: Niongeze kuhusu kupumzika. Ukitaka kulala kambi ya darajani, chukua kibali mjini Swakopmund kabla hujaondoka, na maji ubebe mwenyewe. Halafu miezi hiyo upepo wa mashariki ukivuma, unakuja na joto kutoka bara na utakupiga usoni siku nzima. Upepo huo ukianza, subiri siku moja pwani.

Pedali_Moja: Asanteni sana. Nimepima uma wa mbele, 50 haipiti, 47 inapita kwa shida. Niweke 47 mbele na nyuma, au nyuma nibaki na 40?

Vumbi_Tupu: Pima nyuma kwanza. Nyuma ndiko mlima utakakokudai.