Skuna ya McFaddon: Marshall alitenda haki mwaka 1812?

Mleta mada:
Wakuu, hii kesi wanasheria wanaisifu hadi leo, mimi inanikera. John McFaddon na William Greetham wa Maryland, Marekani, walikuwa na skuna yao (merikebu ya matanga), jina Exchange. Oktoba 1809 iling'oa nanga Baltimore kwenda San Sebastián, Hispania. Desemba 1810 watu wa Napoleon, mtawala wa Ufaransa, wakaipora. Mwaka uliofuata ikaingia Philadelphia imechoshwa na dhoruba, sasa ni manowari ya Ufaransa, jina Balaou. Wenyewe wakaenda mahakamani. Wakashindwa, wakakata rufaa wakashinda, kisha Mahakama ya Juu ya Marekani ikawanyima.

Jaji Mkuu Marshall anaanza vizuri: nchi ina mamlaka kamili ndani ya mipaka yake. Halafu anageuka. Eti manowari ya nchi rafiki ikiingia bandari iliyo wazi, ni kama imeahidiwa kwamba haitaguswa. Imeahidiwa na nani, McFaddon?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, angalia tarehe. Hukumu Machi, Juni Marekani ikatangaza vita na Uingereza. Ukamate manowari ya Napoleon wakati huo, si unajitafutia adui wa pili? Na manowari za Marekani nazo zilitia nanga ugenini. Kila hakimu wa bandari akianza kuuliza hii ya nani, zingepona? Tena Marshall hakuhalalisha uporaji. Alisema hayo ni ya serikali kwa serikali.

Mchangiaji wa pili:
Serikali kwa serikali! Ufaransa ilikubali mwaka 1831 kulipa faranga milioni 25 kwa madai ya Wamarekani ya enzi za Napoleon. Mfanyabiashara ale nini miaka yote hiyo?

Mchangiaji wa tatu:
Msisahau kesi ya Santissima Trinidad, 1822, mahakama ileile. Manowari ya Buenos Aires (Argentina ya leo) iliongeza mabaharia Marekani kinyume cha sheria, ikapora shehena ya Wahispania na kuileta Norfolk. Shehena ikarudishwa kwa wenyewe. Kwa hiyo kinga ilikuwa ya manowari tu, haikufunika kila ilichokamata.

Mleta mada:
Sawa, kinga ya manowari nawaachia. Lakini serikali ilimtuma mwanasheria wake, Dallas, kuomba meli iachiwe, kwa faida ya nchi nzima. Basi ingewalipa wale wawili palepale, deni la Napoleon ikalifuata yenyewe. Mnaomtetea Marshall, hapo mnasemaje?