Pedi za breki ya mbele kwa pikipiki inayokaa sana: ogani au metali?

Mwambao: Wakuu, heshima kwenu. Pedi za mbele zimekwisha, ile mifereji ya kikomo haionekani tena. Dukani kuna aina mbili: ogani (nyuzi zilizoshikwa kwa gundi), na metali (unga wa madini uliounganishwa kwa moto) ambazo bei yake ni karibu mara mbili. Chombo sikipandi sana, wiki mbili tatu kimekaa tu. Nichukue zipi?

Spana12: Mkuu, umetuacha gizani. Pikipiki gani? Diski ikoje? Inalala ndani au nje? Bila hayo kila mtu atakutajia anazozipenda yeye.

Baba Kalipa: Ogani, sina shaka. Safari fupi hazipashi breki moto, na ogani inashika vizuri ikiwa baridi, tena haili diski. Geuza pedi usome herufi mbili nyuma ya bamba, yaani kile chuma kinachobeba pedi: ya kwanza ni mshiko wa baridi, ya pili wa moto. F ni msuguano wa 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55, H inapita hapo. GG inakutosha kabisa.

Mzee wa HH: Sikubali. Chombo kilichokaa kina kutu na unyevu kwenye diski. Pedi ya metali inaifuta kutu hiyo kwa breki chache tu, na kwenye mvua haipungukiwi nguvu kama ogani.

Baba Kalipa: Inafuta kutu pamoja na diski yenyewe! Asome kwanza unene wa mwisho uliogongwa kwenye diski, kwenye MIN TH, halafu apime kwa vernia. Kama imekaribia hapo, metali itaimaliza.

Mwambao: Samahani wakuu. Ni Honda XR150L, niko Tanga karibu na bahari, inalala barazani. Pedi ya ndani imeisha kuliko ya nje.

Spana12: Hilo la mwisho ndilo kubwa! Pedi ya ndani ikitangulia kuisha, mara nyingi kalipa, kile kishikio cha pedi chenye pistoni, imenata kwenye pini zake: pistoni inasukuma ya ndani, ya nje haivutwi. Ukifunga pedi mpya hivyohivyo, ziwe za aina gani, zitaisha upandeupande.

Legeza pini ya pedi wakati kalipa bado imefungwa, maana ukishaitoa hutapata pa kuishikia. Fungua boliti mbili, na usiiache kalipa ining'inie kwenye mpira unaopitisha mafuta ya breki. Chomoa pini za kutelezea, futa grisi kavu, paka ya silikoni kidogo tu. Grisi ya beringi usiiguse, inavimbisha mipira na pini zinabana upya. Pistoni isugue kwa mswaki na mafuta safi ya breki kabla ya kuirudisha ndani, la sivyo uchafu utakwangua sili. Funika tangi la petroli kwa kitambaa, kwa sababu mafuta ya breki yanababua rangi.

Chuma kwa Chuma: Kwa Tanga, chumvi ndiyo adui. Kuna pikipiki ilikaa nje masika nzima ikiwa na ogani za bei chee. Pedi zilikuwa bado nene, mwenyewe akaridhika. Kumbe kutu ilishaingia kati ya bamba na nyama ya pedi (sehemu inayosugua diski), ikavimba, ikainua gundi. Breki ya kwanza ikashika. Ya pili, nyama yote ikachomoka, bamba likasaga diski, pistoni ikatoka kupita kiasi na mafuta yakavuja. Mkono wa breki ukagusa usukani. Mpanda alisimama kwa breki ya nyuma.

Kwa hiyo usiangalie unene peke yake. Mulika tochi ubavuni: ukiona mstari wa kahawia au ufa kwenye maungio, tupa. Metali haina gundi hapo, inaunganishwa na bamba kwa moto.

Baba Kalipa: Hizo zilikuwa mbovu tangu dukani. Ogani ya maana bamba lake lina matundu, na nyama imeingia ndani ya matundu.

Mzee wa HH: Na anayenunua atayaonaje matundu ambayo yameshazibwa?

Juma DOT4: Mnagombea pedi mmesahau mafuta. DOT 4 (daraja la mafuta ya breki) ikiwa mpya inachemka si chini ya 230°C, lakini ikishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi 155, na maji hayo ndiyo yanayoozesha pistoni kwa ndani. Badili kila miaka 2, hata kama hujatembea.

Mzee wa HH: Si aweke DOT 5 tu, hainyonyi maji?

Juma DOT4: Hapana! DOT 5 ni silikoni, haichanganywi na DOT 4. Ya 5.1 ndiyo inayoendana nayo. Namba zisikuchanganye.

Mwambao: Nimewaelewa. Leo nafungua kalipa nione pini kwanza, pedi baadaye. Je, nikiifunika kwa turubai itasaidia?

Spana12: Turubai la plastiki linafungia unyevu ndani, tumia kitambaa kinachopumua. Na usipulize mafuta ya kuzuia kutu karibu na diski. Ukishafunga pedi, pampu mkono hadi uwe mgumu kabla hujasogea.

Chuma kwa Chuma: Turubai linafaa, mradi uache wazi chini...