Mafundi wa kuunganisha picha za familia, jifunzeni kukataa picha mbovu!

Wakuu, uzi huu ni wa hasira, mnisamehe mapema.

Hizi picha za "familia nzima" zinazotundikwa sebuleni, marehemu baba kawekwa katikati ya wanawe, dada aliyeko Oman kabandikwa pembeni, nyingi ni aibu tupu. Mtu kalipa advansi, kapewa fremu ya dhahabu, ndani yake mzee anaelea, miguu haigusi chini. Ukimuuliza fundi anakujibu, "Bosi, picha uliyoleta ilikuwa mbovu." Kama ilikuwa mbovu, uliipokea ya nini?

Kazi hii inaharibikia pale kaunta, hata kabla kompyuta haijawashwa. Fundi anapokea chochote anacholetewa, halafu anategemea Photoshop, programu ya kuhariri picha, imfichie.

Anza na mwanga. Tazama kivuli cha pua. Kwenye picha ya kundi jua liko kushoto, kivuli kimelalia upande wa kulia wa picha. Kwa mzee ni kinyume chake. Fundi mvivu anaigeuza picha ya mzee kama ya kwenye kioo, anaona kamaliza. Sasa vifungo vya shati vimehamia upande wa kike, saa iko mkono wa kulia, na kile kidoti cha shavuni kimevuka pua. Mjane wake atakiona kabla hata hajamaliza kuichana karatasi ya kufungia. Na picha ya flashi ya usoni, ile isiyo na kivuli chochote, usiipachike kati ya watu waliopigwa jua la saa saba mchana. Haitakaa, hata uisugue usiku kucha. Picha ya kundi iliyopigwa kukiwa na mawingu ndiyo inayosamehe mengi.

La pili ni kimo cha kamera, na hapa ndipo wengi wanapofeli bila kujua kwa nini. Chora mstari wa upeo, yaani usawa wa jicho la kamera, kwenye picha ya kundi. Kamera ikiwa usawa wa kifua, mstari huo unawakata vifuani watu wazima wote waliosimama kwenye uwanja tambarare, wa mbele na wa nyuma. Unayemwongeza, kama kimo chake ni kama chao, lazima mstari umkate hapohapo. Sasa mnachukua mzee aliyepigwa amekaa, mpiga picha kasimama juu yake, utosi wote unaonekana, mnamsimamisha na wenzake. Lazima aelee! Selfi nayo ni balaa: imepigwa umbali wa mkono, pua imevimba, masikio yamerudi nyuma, wakati kundi limepigwa kutoka mita nne au tano. Hakuna kitufe cha kurekebisha hilo.

Ukubwa: A3 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) ni pikseli 3508 kwa 4961. Uso wa sentimita 4 kwenye karatasi hiyo unahitaji pikseli kama 470. Ile paspoti ya marehemu mnayoidharau, ukiiskani kwa dpi 600, uso wa sentimita 3 unakupa kama 700. Inatosha na chenji inabaki! Lakini mnaipiga kwa simu ikiwa ndani ya plastiki, chini ya taa, halafu mnaitumiana WhatsApp kama picha ya kawaida, inaminywa. Tumeni kama dokyumenti, jamani.

Kukata sasa. Suti na mabega kata kwa zana ya Pen, nywele kwa ile ya Select and Mask. Raba achaneni nayo, tumieni maski, inayoficha bila kufuta, ili mweze kurudi nyuma. Mtu akitoka kwenye kitambaa cheupe cha studio anabaki na uzi mweupe kuzunguka nywele na sikio. Sogeza maski ndani pikseli 1 au 2, kisha lainisha kingo kwa nusu pikseli hadi 1. Basi.

Kabla ya rangi, linganisha weusi. Fungua Info, kidirisha kinachosoma mwanga (0 ni nyeusi tii): kama suti nyeusi za kundi zinasoma 20 na ya mzee inasoma 0, inyanyue kwa Curves, zana ya kupandisha na kushusha mwanga. Baada ya hapo ndipo uondoe umanjano wa balbu. Chembechembe za picha (noise) ziwe za mwisho, asilimia 1 hadi 3, ukiangalia kwa 100%.

Na kivuli! Ile Drop Shadow ya kwenye menyu ndiyo inayomfanya mtu aonekane kama stika ya daladala. Vivuli ni viwili. Kimoja chembamba, kizito, kimebana chini ya soli. Kingine kirefu, kinafuata upande wa vivuli vya wengine na kinafifia kadiri kinavyokwenda mbali. Vyote viwekwe kwenye Multiply, ile hali inayotia giza kilicho chini yake, rangi ichukuliwe kwenye kivuli cha jirani yake, siyo nyeusi tii. Kama wamesimama kwenye majani, chora maski ili majani machache yapande juu ya kiatu.

Henry Peach Robinson wa Uingereza aliunganisha negativu 5 mwaka 1858, kwa mkono. Ninyi mna leya, tabaka za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine, tangu Photoshop 3.0 ya 1994, na Ctrl+Z ya kutengua kosa juu.

Jibu #1
Mkuu umewachana, ila wateja nao! Analeta paspoti, anataka mzee asimame mwili mzima. Inabidi uazime mwili wa ndugu, na shingo inakuumbua: uso rangi moja, mikono nyingine. Dawa ni kumweka safu ya nyuma, kifua kwenda juu, mabega ya wenzake yamzibe. Umekwepa miguu, mikono na kivuli cha chini.

Jibu #2
Siku hizi wanaitupa kwenye AI. Inatoka safi, kivuli kipo, ila mzee siye. Meno kapewa mapya, kovu limefutwa. Unazalishiwa mtu anayefanana naye.

Mwanzisha uzi
#2, hiyo nayo ni ya kukataa. #1 nakuunga mkono, na mpiga picha wa kundi akishirikishwa mapema kazi inakuwa nusu. Kamera kwenye tripodi, fokasi na ekspoja (kiasi cha mwanga) vifungwe. Mtu wa kimo cha marehemu asimame kwenye nafasi yake, piga. Atoke, wengine wasisogee, piga tena. Picha ya kwanza inakuonyesha mwanga unavyompiga na kivuli kinavyoanguka, ya pili ndiyo unayofanyia kazi. Mkiwa na mashaka, printini kwanza kipande cha uso tu, kwa ukubwa uleule na karatasi ileile, mama akione kabla ya A3.