Mbegu za boga, za papai na kokwa zisizoliwa: gumzo la familia

Neema: Shikamooni. Boga limepasuliwa na papai limemenywa. Kabla mbegu hazijaenda jalalani, zote zinaandaliwa kwa namna moja?

Shangazi Zuhura: Marahaba mwanangu. Usizitupe, lakini usizichanganye. Za boga ni chakula, za papai ni kiungo kikali. Za boga zitie kwenye bakuli la maji, uzisugue kwa vidole mpaka zile nyuzi ziachie. Mbegu zitaelea, zichote. Loweka usiku kucha kwenye vikombe viwili vya maji na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Kuloweka kunapunguza kiasi fulani cha fitati, ile inayoshika zinki na chuma mwili usiyapate.

Mjomba Idi: Ukizitoa kwenye maji, zikaushe kwa kitambaa kwanza. Hapa ndipo zinapoharibikia: mbegu mbichi kwenye kikaango cha moto mkali huungua ganda, kiini kikabaki laini na kimelowa. Moto uwe mdogo, mbegu ziwe tabaka moja, koroga dakika 10 hadi 15. Kwa oveni, nyuzi 150 kama dakika 20. Zikianza kualika na ganda kugeuka dhahabu, epua na umimine kwenye sahani, maana kwenye chuma cha moto zinaendelea kuiva.

Neema: Asante mjomba. Na ganda linaliwa?

Shangazi Zuhura: Mtu mzima akitafuna vizuri, linaliwa. Watoto wadogo usiwape mbegu nzima kabisa, zinawapalia. Wasagie viini uwatilie kwenye uji. Kiganja kimoja cha viini, gramu 30 hivi, kina protini ya gramu 8 au 9, magnesiamu karibu miligramu 150 na zinki miligramu 2 na kidogo. Viini vya tikitimaji navyo havipitwi mbali kwa protini, kazi ni kubangua.

Juma: Shikamoo shangazi, shikamoo mjomba. Hizo za papai ni kweli zinatoa minyoo?

Mjomba Idi: Marahaba Juma. Ule ukali wa mbegu za papai, unaofanana na haradali, unatokana na benzili isothiosayaneti. Hutokea mbegu inapopondwa au kutafunwa, kwa hiyo ukiimeza nzima unapata kidogo sana. Nigeria walijaribu mwaka 2007 kwa watoto 60 wenye vimelea tumboni: unga wa mbegu kavu uliochanganywa na asali, na kwa wengi waliopewa, vipimo vya choo vilikuwa safi baada ya siku 7. Ni jaribio dogo, Juma. Mtoto mwenye minyoo apelekwe kituo cha afya akapewe albendazoli, dawa ya minyoo, inayolingana na umri wake.

Shangazi Zuhura: Niongeze hapo shemeji. Mjamzito asitumie mbegu za papai. Na kwa wanaume, majaribio ya wanyama yameonyesha dondoo yake inapunguza mbegu za kiume, kwa hiyo anayetafuta mtoto aziache. Kama kiungo: osha ule utando wa utelezi, anika mpaka zijikunje kama pilipili manga, saga. Robo kijiko cha chai kwenye sahani ya chakula inatosha. Zikizidi, tumbo linawaka.

Juma: Za fenesi?

Shangazi Zuhura: Hizo zinashibisha, lakini mbichi hapana. Zina vizuizi vya tripsini vinavyokwamisha usagaji wa protini, na moto ndio unaoviondoa. Menya ganda jeupe, ile ngozi nyembamba ya kahawia iache. Chemsha dakika 25 hadi 30, mpaka kisu kipenye bila kulazimisha. Ukizichoma, zichanje kwanza, la sivyo mvuke unazilipua. Mwenye kisukari azihesabu kama wanga.

Neema: Kuna ujumbe unazunguka kwamba kiini cha kokwa la tunda la aprikoti kina vitamini B17 na kinatibu saratani.

Mjomba Idi: Usiusambaze, Neema. Hiyo si vitamini na haijathibitika kutibu saratani. Ni amigdalini, na ikipondwa hutoa sayanidi, ambayo ni sumu. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2016 kwamba mtu mzima akila zaidi ya viini vitatu vidogo vibichi kwa mara moja anaweza kuvuka kiwango salama, na kwa mtoto mdogo hata kimoja kinatosha kuvuka. Viini vya kokwa za pichi, plamu na cheri viko kundi hilohilo. Mbegu za tufaha zina amigdalini pia. Moja iliyomezwa nzima hupita tu, lakini blenda inazisaga, kwa hiyo toa sehemu ya katikati yenye mbegu kabla ya kutengeneza juisi. Aliyekula nyingi akaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika au kupumua kwa shida, awahishwe hospitali, asisubiri.

Shangazi Zuhura: Na za stafeli na topetope msisage kabisa. Zina sumu ya neva, na unga wa topetope unaopakwa kichwani kuua chawa ukiingia jichoni unaunguza mboni. Kokwa la parachichi nalo liacheni, usalama wake kwa kula haujathibitishwa.

Neema: Hizi za boga nikishazikaanga zinakaa muda gani?

Mjomba Idi: Zipoe kabisa kabla ya kufunika. Ukifunga za moto, mvuke unageuka maji ndani ya chupa na ukungu unaanza. Chupa kavu, mfuniko wa kubana, mbali na mwanga: wiki mbili, au miezi miwili kwenye friji. Vunja moja kila unapofungua. Ikipinda badala ya kukatika, imenyonya unyevu, irudishe motoni. Ikinuka kama rangi ya mafuta, au ukiona ukungu, mwaga chupa yote. Usichambue, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haionekani kwa macho na kukaanga hakuimalizi.