Tony Hawk 1+2, 3+4 au nishushe tu Skate ya bure?

MpigaReli
Wakuu habari za jioni. Mwezi huu mfuko unaruhusu gemu moja tu na nataka Tony Hawk, lile la ubao wa magurudumu (skateboard), maana ndo nilikulia nayo kwenye PS1, CD ya kuchonga imeandikwa kwa makapeni, unalipa unacheza na mwenye kibanda kakusimamia kichwani. Sasa naona zile za zamani zimetengenezwa upya mbili mbili, kuna 1+2 ya 2020 na 3+4 ya 2025, na jamaa mwingine ananiambia niache hela yangu nishushe Skate mpya, gemu jingine la ubao, ni ya bure. Nichukue ipi?

Babu_Manuali
1+2, funga mjadala. Kwanza bei, ilitoka kwa dola 40 wakati 3+4 ilitoka kwa 50, na siku hizi ukivizia ofa unaipata chini zaidi. Pili ramani za Warehouse, School, Hangar, Venice Beach zote zimo na zimejengwa upya vizuri mno, ila mkono wako utazikumbuka kabla ya macho. Nilivyoiwasha mara ya kwanza nimeshuka ile ramp ya Warehouse na kidole kikabonyeza chenyewe, yaani miaka ishirini na kitu! Hata wachezaji wenyewe wamezeeka, Hawk ana makunyanzi kama mimi 😂

dogo_kombo
Babu unaongea ya zamani tu. 3+4 ndo ina ramani za Airport, Tokyo, Rio, Alcatraz, na mbio zake ni kali balaa.

Babu_Manuali
Dogo sikiliza, hiyo namba 4 wameiharibu. Ya 2002 haikuwa na saa ya kukubana, unazurura College unavyotaka, unamfuata mtu anakupa kazi, unafanya, ukishindwa unarudia. Kwenye hii mpya wameiweka raundi ya dakika mbili kama zingine, Carnival na Chicago hazimo kabisa, halafu Zoo imegeuzwa uwanja wa mashindano. Sasa hiyo ni 4 gani?

Mama Wawili
Babu hapo umenena, ila kwangu mimi dakika mbili ndo zinanifaa. Nina watoto wawili, nikishawalaza nacheza raundi tano nazima. Gemu la kuzurura na kuongea na watu nitalimaliza lini jamani. Halafu mnasahau studio ni tofauti, 1+2 ni ya Vicarious Visions ambao baadaye walimezwa na Blizzard, hii 3+4 wamepewa Iron Galaxy, na ukweli wamejitahidi, ubao unateleza vilevile.

TonyWaNakuru
Manze hiyo Skate ya bure usiguse kama bundles zako ni za kuhesabu. Ni lazima uwe online muda wote, net ikikatika umeisha. Pia si gemu moja na hii buda, kule mateke ya ubao unayapiga na analogi ya kulia, polepole, ollie (kuruka na ubao) moja safi unafurahi. Hawk ni kombo (mitindo mfululizo bila kuanguka) ya pointi laki tano ukiwa juu ya waya za stima. Mimi naipenda Skate lakini rafiki yangu alitupa padi siku ya kwanza.

MpigaReli
Nimeelewa. Ila swali la kizembe, ile ya kugeuza ubao ukitua kwenye ramp ili kombo isikatike, kwenye 1+2 ipo? Maana asili yake ni namba 3.

dogo_kombo
Ipo, R2 ukigusa tu chini, halafu juu-chini haraka uingie manuali, yaani kuteleza kwa magurudumu mawili. Usichelewe, mshale wa balansi ukishalala upande mmoja hauurudishi. Na ndo maana nasema ukizoea 1+2 utaitaka 3+4 tu, utarudi hapa.

MpigaReli
Nimechukua 1+2 wakuu, nimeshusha usiku kucha. Warehouse nimeokota herufi za S-K-A-T-E zote, pointi nimefikisha, ila kanda ya siri naiona kabisa iko pale juu na dakika mbili zinaisha kila mara nikiwa chini naifuata. Unarukia wapi?

Babu_Manuali
Asiambiwe mtu.

Mama Wawili
Babu una roho mbaya 😂 MpigaReli njoo PM.