Mrejesho: kamera ya dashibodi iliyokuwa ikininyonya betri

Haya wapendwa, niliuliza hapa wiki jana mbona gari yangu Subaru BRZ kila asubuhi haiwaki tangu nifungiwe kamera ya dashibodi, betri yafa kabisa mpaka nijampiwe (niazimwe moto wa betri) na jirani. Yule alosema nipime fyuzi na testa Mungu akuzidishie, ndiko kulikokuwa na tatizo.

Fundi alichomeka waya nyekundu na ya manjano za kamera zote kwenye fyuzi yenye moto saa zote, kumbe nyekundu yataka fyuzi inayozima ukitoa ufunguo, kwa hivyo kamera haikujua gari imezimwa ikawa yarekodi usiku kucha. Tena kikomo cha kamera kujizima betri ikishuka kilikuwa volti 11.6, hapo betri ishakwisha, nimekiweka 12.2. Waya ya athi (ile ya kushika chuma cha bodi) nayo ilibanwa juu ya rangi, nikaikwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa.

Na hili nawaomba sana, ile waya ya pembeni ya kioo ipitisheni nyuma ya eabegi (mfuko wa hewa unaofura gari ikigonga), yangu ilipita mbele na roho ilinishtuka nilipoiona.

Siku ya 4 leo tangu nirekebishe, nimevuka feri ya Likoni asubuhi, imewaka mara moja tu. Shukran sana.